Jinsi ya Kufeli Permi kwa Heshima

Umehamia Gitega, Burundi, kikazi, au umefungua duka Muyinga, na leseni yako ya Tanzania, Kenya au Uganda iko mfukoni, imechubuka pembeni kwa kutumika. Umeendesha Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni. Umepita Thika Road mvua ikinyesha. Sasa wewe ni mkaaji, si mpita njia tena, na wenzako kazini wameshakutonya kwamba mkaaji anatakiwa kuwa na permi, yaani leseni ya hapa. Karibu. Sogea kiti, maana haya nitakayokuambia moniteri wa shule ya udereva hatakuambia. Yeye analipwa kwa saa, na sifa anazokumwagia zimo ndani ya bei.

Habari yenyewe ni kwamba utafeli. Kuendesha unajua, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu unajua kwa upande mwingine wa barabara. Basi usihangaike kukwepa kufeli. Hangaika kufeli mapema, kwa bei ndogo, mbele ya afisa aliyeshika kalamu, badala ya kufeli kwenye mteremko wa njia ya Karuzi mbele ya kijana aliyepakia ndizi kwenye baiskeli. Kwa afisa utapoteza asubuhi moja. Kwa yule kijana hakuna mtihani wa marudio.

Hatua ya 1. Kubali kwamba unajiona bingwa

Usione haya, sote tuko hivyo. Mwaka 1981 mtafiti wa Sweden, Ola Svenson, alichapisha majibu ya swali jepesi alilowauliza watu wa nchi mbili: ukijilinganisha na wenzako mlio pamoja hapa, ustadi wako wa kuendesha ukoje? Wamarekani 93 katika kila 100 walijiweka kwenye nusu ya juu. Waswidi 69 nao wakajiweka humo humo. Nusu ya watu ni 50 popote duniani, kwa hiyo kuna waliojipandisha cheo, na hakuna aliyejijua.

Nawe umo. Usipoteze nguvu kupigana na majivuno yako, maana yatakushinda, yahamishe tu. Jivunie jinsi unavyotazama kioo. Jivunie jinsi unavyosimama kabla ya njiapanda bila abiria kuinama mbele. Anayejivunia mwendo atafeli vibaya, lakini anayejivunia utulivu hata akifeli atafeli akiwa amenyooka kitini.

Hatua ya 2. Tafuta njia ya mkato kwanza, kabla ya kujifunza chochote

Ndiyo, nakuambia kwa moyo wangu wote: tafuta njia ya mkato. Kuna za halali, na watu wanazipita kwa kuona aibu ya kuuliza.

Ya kwanza ni swali. Nenda kwenye ofisi ya Mamlaka ya Mapato, OBR, inayotoa permi, uulize kama leseni yako inaweza kubadilishwa moja kwa moja, na kwa masharti gani. Uliza kabla hujalipa shule hata faranga moja. Uliza kwa adabu, uliza kwa karani wa dirishani, kisha siku nyingine uulize tena kwa karani mwingine, na jibu lao uliandike. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, nawe ni mtoto wa jumuiya hiyo, kwa hiyo kuuliza ni haki yako. Ukibahatika kubadilishiwa, usishangilie sana. Kadi itakuwa mpya, mikono itakuwa ile ile, na hatua ya nne bado inakuhusu kuliko mtu yeyote mjini.

Ya pili ni makaratasi. Kuna watu wanafeli mtihani kabla ya kuuona, kwa sababu ya herufi moja. Tanzania gari binafsi ni daraja D. Katika mpangilio wa Kifaransa na Kibelgiji unaofuatwa huku, gari dogo ni B, lori ni C, na D ni basi. Ukifika dirishani ukasema kwa sauti ya mtu mzoefu kwamba unataka D, karani atakutazama kuanzia viatu, akijiuliza hilo basi umeliegesha wapi. Sema B.

Angalia pia anwani. Mikoa 18 ya zamani imeunganishwa ikabaki mitano, kwa sheria ya mwaka 2023 iliyoanza kufanya kazi mwaka 2025. Gitega imebaki na jina lake na imepanuka. Muyinga sasa ni komini ndani ya mkoa wa Buhumuza, pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Mkaaji wa Muyinga anayejaza fomu kwa mazoea ya zamani anarudishwa nyuma ya foleni, na foleni ya pale si ya kuichezea.

Na kama umekuja kama mkimbizi kutoka Kivu Kusini, unaishi kambi ya Kinama kule Gasorwe au umeruhusiwa kukaa mjini, anzia ONPRA, ofisi ya serikali ya wakimbizi. Uliza ni karatasi gani yao itakayosimama mahali pa kibali cha ukaazi. Usianze na dalali wa mjini. Wakongo mna bahati moja ambayo sisi wengine hatuna: mmekulia upande wa kulia. Hatua ya nne irukeni, lakini mkimaliza rudini mtusaidie.

Jambo la mwisho kwenye makaratasi ni saa. Burundi iko saa moja nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda. Anayevuka mpaka kutoka Kabanga, Tanzania, asubuhi kuwahi miadi Muyinga hufika ofisi ingali imefungwa, akaanza kulaumu nchi ya watu. Rudisha saa yako mpakani.

Hatua ya 3. Chagua mji wa kuaibikia

Gitega ndio mji mkuu wa kisiasa tangu mwanzoni mwa 2019. Bujumbura imebaki mji mkuu wa biashara. Maana yake kwako ni misafara. Utakuwa unajifunza kurudi nyuma, na mara moja inatokea pikipiki ya polisi, kisha gari jeusi, kisha jingine, na unatakiwa uwe pembeni kabisa, umetulia. Ni somo zuri la unyenyekevu na unalipata bila kulipia.

Muyinga ni mji mdogo kuliko Gitega, una Waislamu wengi, na Kiswahili utakisikia sokoni, gereji na kwenye maduka ya vipuri. Utamwelewa moniteri. Ila Muyinga iko jirani na mpaka wa Kobero, na malori yanayotoka Dar es Salaam yanapita hapo yakiwa na saruji, mafuta na makontena. Dereva wa lori aliyetoka Kabanga muda si mrefu naye kichwa chake kimegawanyika kama chako, ila yeye amebeba tani nyingi.

Ushauri wangu: jifunze maneno Muyinga, jifunze milima Gitega. Kama unaishi mji mmoja tu, basi lipia nauli ya Probox uende mwingine siku mbili tatu, ukae kiti cha mbele, na usimsemeshe dereva. Tazama miguu yake. Tazama ni lini anaachia klachi. Nauli hiyo ni nafuu kuliko saa nzima ya shule, na dereva wa Probox anayejaza abiria na mizigo hadi mlango wa nyuma ufungwe kwa kamba anajua uzito wa gari lake kuliko mwalimu yeyote.

Hatua ya 4. Hamia kulia

Hapa nitakaa kidogo, univumilie, maana ndipo wanapofia watu.

Barabara ya Burundi ni ya kulia na ya Tanzania ni ya kushoto. Si kwamba mtu alikaa akapima. Wajerumani walitawala pande zote mbili na walianzisha kituo chao cha utawala Kitega, yaani Gitega hii, mwaka 1912. Wabelgiji wakaingia 1916. Mwaka 1919 Mbelgiji na Mwingereza wakagawana koloni la Mjerumani: Ruanda na Urundi kwa mmoja, Tanganyika kwa mwingine. Kila mmoja akaleta upande wake wa barabara kama alivyoleta lugha yake. Ndiyo sababu malori yanabadilisha upande kati ya Kabanga na Kobero, na ndiyo sababu wewe unafeli leo.

Nchi nzima zimewahi kuhama. Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967. Nigeria ikafuata 1972, Ghana 1974. Kule Sweden ajali zilipungua kwa muda baada ya kuhama, kwa sababu kila mtu aliendesha kwa woga, akitazama mara mbili. Kisha watu wakazoea, na ajali zikapanda tena. Shika somo hilo kwa mikono miwili. Siku zako za kwanza huku huna hatari kubwa, maana unaogopa. Hatari yako inaanza wiki ambayo umeacha kuogopa lakini mikono bado haijahama.

Mikono inakusaliti mahali patatu. Kwanza, ukitoka kituo cha mafuta au uwanja mtupu, ambapo hakuna gari la kufuata. Pili, alfajiri, barabara ikiwa tupu na ukungu umekaa bondeni. Tatu, ukishtuka. Mtu akikushtua unakimbilia upande wa utotoni, na upande huo huku ndiko magari yanakotokea. Mahali hapo patatu, sema kwa sauti: kulia. Abiria wakicheka, waache wacheke.

Sasa kuhusu gari lenyewe. Magari mengi utakayoyaona Gitega na Muyinga yametoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, usukani uko kulia, yaani kama ulivyozoea. Utafurahi. Usifurahi. Usukani ule ule, barabara nyingine, ndio mtego mkubwa kuliko wote, kwa sababu kila kitu ndani ya gari kinakuambia uko nyumbani. Kipimo chako kiwe bega. Ukiwa Tanzania na usukani wa kulia, bega lako la kulia liko katikati ya barabara. Ukiwa Burundi na gari hilo hilo, bega hilo liko upande wa mtaro. Kabla ya kuondoka popote, jiulize: bega langu linagusa nini? Likigusa mtaro, nenda.

Kwa kuwa umekaa upande wa mtaro, huoni kinachokuja ukitaka kulipita lori. Kichwa chako hakifiki. Hapo hakuna ubingwa. Ama abiria wako wa kushoto awe macho yako, na awe mtu mzima mwenye akili, ama ubaki nyuma ya lori hadi lisimame. Ukimwona mtu anachungulia kwa kulitoa gari nusu nzima kwenye njia ya wenzake, huyo ndiye bingwa wa Svenson.

Kwenye mzunguko unaingia kwa kulia na kuzunguka kinyume cha mishale ya saa. Kwenye makutano yasiyo na alama yoyote, anayetokea kulia kwako ndiye anapita kwanza, hata kama ni pikipiki ndogo inayotoka kichochoroni na wewe uko kwenye njia pana. Swali hilo ndilo linawaangusha watu wa pwani.

Hatua ya 5. Nadharia, bila kujua Kifaransa

Vitabu vya sheria za barabarani utakavyopata vingi ni vya Kifaransa, na afisa anaweza kukuuliza kwa Kifaransa au Kirundi. Njia ya mkato: soma picha. Alama za barabarani hazina lugha. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara jekundu linakataza, duara la bluu linaamuru, pembetatu iliyopinduliwa inasema mpishe mwenzio. Pembe nane ni kusimama, na kusimama maana yake magurudumu yamekoma kabisa, hata kama hakuna mtu. Ipo pia almasi ya manjano katika vitabu hivyo, ambayo wengi wetu hatukuizoea nyumbani: inasema uko kwenye njia yenye haki ya kupita kwanza. Ijue hiyo moja, utampita mgeni mwenzako.

Mkenya aliyefanya mtihani kwa kusukuma kigari cha kuchezea juu ya ubao wa mji wa mfano ana faida hapa. Chora mji wako kwenye karatasi, weka kifuniko cha soda kama gari, na usukume upande wa kulia kila usiku kabla ya kulala. Mwenza wako atakuona mtoto. Sukuma.

Maneno ya kukariri ni machache. Kulia ni iburyo, kushoto ni ibubamfu, simama ni hagarara. Kwa Kifaransa kulia ni à droite na kushoto ni à gauche. Afisa akisema la kushoto na wewe ukakata kulia, hajali kama ulielewa. Kama hukusikia vizuri, uliza kabla hujageuza usukani. Kuuliza hakukufelishi.

Hatua ya 6. Mlima

Gitega iko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na eneo tambarare ni adimu. Wewe umezoea gari la otomatiki la mjini. Shule itakupa gari la gia, limechoka, klachi inashika juu kabisa. Utasimamishwa kwenye mwinuko, nyuma yako pikipiki, utaambiwa uondoke. Hapo ndipo gari litazimika.

Basi zima sasa, mazoezini, mara nyingi, hadi uchoke kuona aibu. Vuta breki ya mkono. Tia gia ya kwanza. Achia klachi polepole hadi usikie injini inabadilisha sauti na pua ya gari inainuka kidogo. Ngoja hapo. Usikimbilie. Ongeza mafuta kidogo, kisha ndio uachie breki ya mkono. Mtu anayefeli anaachia breki kwanza na kuomba Mungu baadaye.

Usitegemee jiwe. Utaona makonda wa malori wakiruka chini na kuweka gogo au jiwe nyuma ya tairi gari likisimama mlimani. Ni ufundi wa watu wa kazi. Afisa hakuja na jiwe.

Na hapa nataka usimame kabisa umtazame mtu wa baiskeli. Anashuka kutoka vijijini na mikungu ya ndizi mbichi, mmoja kila upande na mwingine juu ya keria, na yeye mwenyewe amekaa mbele kidogo ya mzigo akiwa ameegemea nyuma kuuzuia. Breki za mkono zilikwisha zamani au hazitoshi uzito ule, kwa hiyo anakanyaga tairi kwa soli ya kandambili, na soli inafuka vumbi. Hawezi kusimama ghafla. Hawezi kukupisha. Upande wake mmoja ni mtaro na mwingine ni wewe. Wakati wa kupanda, wenzake wanashika nyuma ya malori na kuvutwa, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani, wawili watatu kwa lori moja. Kwenye barabara za kupanda kutoka Bujumbura utawaona kila siku. Ukilifuata lori hilo kwa karibu, unawafuata wao kwa karibu. Mmoja akiachia, ataangukia mbele ya tairi lako.

Mpe nafasi ambayo ungeliachia gari, kisha ongeza. Usimpigie honi kwa nyuma. Akishtuka, mzigo unayumba. Kila kitu kingine katika mwongozo huu unaweza kukisahau, hiki hapana. Mtu yule amebeba ada za watoto wake.

Hatua ya 7. Mafuta

Uhaba wa mafuta umeisumbua Burundi miaka hii, na 2024 na 2025 ulikuwa mkali, magari yakilala kwenye foleni. Shule inaweza kuwa na gari na isiwe na cha kutia ndani. Kubaliana kulipa kwa saa ulizoendesha, si kwa siku ulizofika. Na gari likiwa limeegeshwa bila mafuta, ingia ndani, fanya mazoezi ya klachi, gia na vioo injini ikiwa imezimwa. Ni somo la bure, na hakuna anayekutazama.

Hatua ya 8. Kwa nini usinunue

Atakuja mtu. Huwa anakuja wakati umetoka kufeli, anajua jina lako, anakuita kaka au dada. Atasema permi inapatikana bila kusumbuka, nipe picha mbili na kiasi fulani.

Sikia, sitakuhubiria. Nitakupigia hesabu tu. Kama kadi ni ya bandia, siku utakayosimamishwa na polisi wa barabarani, ambao hapa wanaitwa rulaje, utalipa tena, na safari hii hutachagua bei. Wewe ni mgeni. Kosa la mwenyeji ni kosa, kosa la mgeni linaweza kufika kwenye kibali chake cha ukaazi. Na kama kadi ni ya kweli ila mtihani hukufanya, umenunua ruhusa ya kushuka mteremko ule wa ndizi bila mtu yeyote kuwahi kukutazama mikono. Bima nayo, siku ya ajali mbaya, watakuwa na maswali. Njia hiyo si ya mkato. Ni ndefu na mwisho wake uko kituoni.

Mwambie: asante kaka, nimeshapangiwa siku. Basi. Usibishane naye, mji ni mdogo.

Hatua ya 9. Siku yenyewe

Vaa viatu vya soli nyembamba, vilivyofungwa. Acha miwani ya jua nyumbani. Simu izime na uiweke mfukoni, isiwe kwenye kiti ambapo itateleza kwenye kona ya kwanza. Fika mapema, salimu wote waliopo, wazee kwanza. Kwa afisa sema mwaramutse, au bonjour shefu. Muyinga habari za asubuhi inatosha. Usimwambie umeendesha miaka mingapi. Anaisikia kila wiki, na kila akiisikia anashika kalamu vizuri zaidi.

Funga mkanda, rekebisha kiti, gusa kioo cha ndani na vya pembeni hata kama viko sawa. Aone mkono ukigusa. Mtazamaji hawezi kuyaona macho yako yakienda kwenye kioo, kwa hiyo geuza kichwa kidogo. Huo ni ujanja, nao ni wa halali, na baada ya wiki mbili unageuka tabia.

Sasa feli vizuri. Kuna kufeli kwa aina tatu. Kuzimisha gari ni kufeli kwa kiungwana: vuta breki ya mkono, sema “limezima, shefu, naomba niwashe tena”, washa, endelea. Maafisa wengine hata hawakuandikii kitu. Kusahau endiketa ni kufeli kwa kawaida, usijitetee. Kuingia upande wa kushoto ni kufeli kabisa, na akikusimamisha hapo hapo, mshukuru, kwa sababu amekukuta kabla ya lori.

Usilaumu gari. Usiseme “kwetu”. Neno hilo halijawahi kumpa mtu permi. Uliza swali moja tu: “Nirekebishe nini?” Andika jibu mbele yake. Kwa swali hilo umenunua somo la mtu mwenye uamuzi, ambalo moniteri hawezi kukupa kwa bei yoyote, na siku ya marudio atakukumbuka kama mtu aliyeandika.

Hatua ya 10. Tangaza mwenyewe

Ukifeli asubuhi Gitega, mchana wanajua kazini. Watangulie. Ingia ofisini useme: nimefeli kona ya kushoto, narudia. Majivuno yako yatauma kidogo kisha yatageuka, maana mtu anayesema wazi hana wa kumsema. Na utashangaa wangapi watakuvuta pembeni wakuambie nao walirudia.

Hatua ya 11. Ukiipata

Piga nakala na uiache nyumbani. Garini weka permi yenyewe, karte roze (kadi ya gari), bima na karatasi ya ukaguzi wa OTRACO, vyote kwenye bahasha moja. Barabara ya Gitega hadi Muyinga kupitia Karuzi unaweza kukuta kamba imekatiza njia na polisi wamesimama kando. Punguza mapema, usiku washa taa ya ndani, zima muziki, shusha kioo, salimu kabla ya kusalimiwa. Bahasha moja ikitoka kwa mara moja, mazungumzo huwa mafupi.

Jumamosi asubuhi usipange safari. Ni saa za kazi za pamoja, na magari yanasubiri hadi kazi imalizike. Chukua jembe uende na majirani. Utafahamika mtaani haraka kuliko kwa gari.

Siku ukienda nyumbani kupitia Kobero, kata Kadi ya Njano ya bima. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini mpango huo wa bima inaushiriki, kwa hiyo kadi inafanya kazi ng'ambo. Ukimaliza mihuri, usiondoke mara moja. Egesha, shuka, lizunguke gari, rudi kitini, uliza bega lako tena: sasa liwe katikati ya barabara. Peleka saa mbele.

Na shemeji akija likizo kutoka Mwanza akaomba gari aende Muyinga sokoni, mweke kwanza kiti cha abiria kwa siku nzima. Atakuambia anaendesha tangu sekondari. Mkubalie, mpe chai, na funguo ubaki nazo wewe.